Shujaa Wangu Anakula Nini?

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Msomaji mpenzi, methali hiyo nimeiimba tangu darasa la tatu, lakini maana yake nimeipata juzi juzi tu, nikiwa na miaka 24, kidato cha nne nimemaliza kitambo, kazi ya maana sina, na riwaya yangu ya kwanza imekwama katika sura ya saba.

Riwaya yenyewe inahusu Vita vya Maji Maji. Shujaa wangu ni kijana wa Kimatumbi anayekimbilia msituni baada ya kijiji chao kuchomwa moto. Nilikuwa najisifu kwamba nimeandika vizuri, maana kuna mapigano, kuna mapenzi, kuna mganga mwenye macho mekundu. Basi Jumamosi moja tukakutana sisi waandishi chipukizi chini ya mwembe kule Mbagala, kama kawaida yetu, nikawasomea. Nilipomaliza, dada mmoja anayeuza maandazi asubuhi na kuandika mashairi jioni akaniuliza:

"Kaka, huyu mtu wako yuko porini tangu Septemba. Sasa umetufikisha Januari. Anakula nini?"

Watu wakacheka. Nikajibu haraka haraka, "Anakula matunda ya porini."

"Matunda gani?"

Nikanyamaza. Mimi, mtoto wa Kilwa, mjukuu wa Mmatumbi, sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nimenuna kama mtu aliyepigwa, lakini usiku nikakiri kwamba dada yule ana haki. Nilikuwa nimemficha mtu msituni miezi minne bila kumpa hata tonge moja.

TULICHOFUNDISHWA

Ukijitambulisha kwamba unatoka Kilwa, watu hukuuliza habari za magofu. Watakuuliza Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, dhahabu ya Sofala, na Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 na kuusifu mji. Mambo hayo ni ya fahari na mimi siyakatai. Wale waliosoma zaidi watakutajia Kilwa Kivinje na ule mwembe, Mwembe Kinyonga, wanakosema Wajerumani walikuwa wakiwanyongea watu, na Hassan bin Omari Makunganya aliyenyongwa mwaka 1895 kwa kuupinga utawala wao.

Kisha inakuja Maji Maji. Hapo kila mwanafunzi anajua kukariri. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Matumbi, watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amegawa maji ya kugeuza risasi za Mjerumani ziwe maji. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga Mohoro, lakini moto ulikuwa umeshashika nyika. Ukaenda Liwale, ukaenda Masasi, ukaenda Mahenge mpaka Songea. Ebrahim Hussein, mwana wa pwani yetu hii hii ya kusini, alikiandikia kisa hicho tamthilia, *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969, na wengi wetu tulianza kuota kuwa waandishi baada ya kuisoma.

Lakini kuna sehemu ambayo tukiifikia huwa tunapita mbio. Gavana von Götzen alipoona kwamba watu hawaji tena uwanjani kupigana bali wanavizia porini, maofisa wake walichagua silaha nyingine. Kapteni mmoja, Wangenheim, alimwandikia kwamba risasi peke yake hazitamaliza vita, na kwamba njaa ndiyo itakayowaleta watu magotini. Wakafanya hivyo. Ghala zikachomwa, vyakula vikachukuliwa, mashamba yakaharibiwa, na msimu wa kupanda ukapita bila jembe kugusa ardhi. Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria G. C. K. Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wetu katika miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa na magonjwa yaliyoandamana nayo. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache kuliko hao.

Sasa swali la yule dada likanirudia kwa upande wa pili. Kama ghala ziliungua na mashamba yaliharibiwa, wale waliobaki walibakije? Bibi yangu yupo, mimi nipo. Kuna mtu alikula kitu.

SAFARI YA KWA BIBI

Nikakopa nauli. Alfajiri nikapanda basi la kusini pale Mbagala, tukapita Kibiti, tukapita Ikwiriri, tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Vijana wa leo hawajui, lakini kabla ya daraja lile kufunguliwa mwaka 2003 watu walikuwa wanasubiri kivuko, na mvua zikikolea kusini inakuwa kama kisiwa. Hata juzi, mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipokata barabara maeneo ya Somanga, tulikumbushwa jinsi kisiwa hicho kilivyo karibu. Nikashuka Njia Nne, nikachukua bodaboda ya kwenda upande wa Kipatimu.

Ulikuwa mwezi wa Agosti. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, majani ya miti ya miombo yamegeuka rangi na yanadondoka, ardhi kavu, nyasi nyingine zimeshaungua. Nimesoma katika vitabu vya Wazungu jinsi wao wanavyoingia misituni kwao majani yanapopukutika, kutafuta uyoga na karanga za mwitu kabla ya baridi kali. Kwetu uyoga ni wa masika. Majani yanapopukutika kwetu, chakula kiko chini ya ardhi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko Darisalama hawakupikii?"

Nikamweleza shida yangu. Kwanza alicheka sana, akasema hajawahi kusikia mtu anatoka Dar mpaka Matumbi kuulizia chakula cha mtu ambaye hayupo. Kisha akachukua jembe lake dogo lililokatika mpini, akaniambia nimfuate.

MSITU ULIKUWA DUKA

Kabla sijaeleza tulichochimba, hebu nieleze kidogo jinsi msitu wenyewe ulivyokuwa, maana bila hivyo utadhani watu wa kule walikuwa wanaingia porini kwa sababu ya ufukara tu.

Si kweli. Katika karne ya 19 misitu ya nyuma ya Kilwa na Lindi ilikuwa inauza mpaka ng'ambo. Watu walikuwa wanachimba sandarusi, yaani utomvu wa kale wa mti wa msandarusi uliogeuka kama jiwe chini ya mchanga. Ilikwenda pwani, ikavuka kwenda Unguja, na huko ikanunuliwa na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, na wa nchi nyingine, wakatengenezea vanishi. Magari ya farasi ya matajiri wa ng'ambo yaling'aa kwa kitu kilichochimbwa na mikono ya babu zetu.

Baadaye ukaja mpira wa mwitu. Ulitoka katika mimea itambaayo ya msituni ambayo matunda yake sisi tunayaita mabungo. Ndiyo, mabungo haya haya ambayo leo tunakamulia juisi! Mtu aligema utomvu akauza apate pesa ya kodi, na matunda akala. Kwa hiyo mtu aliyeijua njia ya msituni alikuwa na duka na ghala kwa pamoja.

Mjerumani aliliona hilo. Mwaka 1898 alileta kodi ya nyumba, na mwaka 1904 serikali yake ikatunga sheria ya kutenga misitu iwe hifadhi. Tukiandika sababu za Maji Maji tunataja pamba, kodi na viboko, na tunafanya sawa. Lakini mtu anayefungiwa msitu amefungiwa pia chakula cha siku ya shida. Nadhani jambo hilo nalo lina nafasi yake katika orodha.

MING'OKO

Bibi haoni vizuri siku hizi. Lakini msituni alikuwa anakwenda kwa mikono. Alikuwa anapapasa vichaka, anashika kamba kavu nyembamba kama uzi, anaifuata mpaka inapoingia ardhini. Hiyo ndiyo ming'oko, kiazi cha mwitu kinachojulikana Lindi na Mtwara yote. Mmea wake hutambaa juu ya miti wakati wa mvua, na kiangazi majani hukauka yakaanguka, inabaki kamba tu. Asiyejua hupita juu ya chakula chake bila habari.

Tukachimba. Ardhi ya Agosti si mchezo, bwana! Baada ya nusu saa viganja vyangu vya mtoto wa mjini vilikuwa vimetoka malengelenge na nilikuwa nimepata viazi vitatu, vyembamba, virefu kiasi cha kiganja. Bibi alikuwa na kumi na kitu. Kila shimo alilomaliza alibakiza kichwa cha mzizi, akakirudisha na kukifunika udongo. Mimi langu nililiacha wazi. Akaniita nyuma.

"Fukia. Unadhani mwakani hutakuja?"

Jioni tukachemsha kwa chumvi, tukamenya ganda kwa vidole, tukala. Utamu wake ni wa taratibu. Nilikula huku nikikumbuka shule ya bweni niliyosoma, mbali na kwetu, ambako wenzangu walinibandika jina la "Ming'oko" kwa sababu natoka kusini. Kwa miaka minne nilijibu kwamba sijawahi kuila. Nilikana mbele ya watu kitu kilichomlea mama yangu. Leo ukipita stendi za Lindi na Mtwara kiangazi utaikuta imechemshwa, inauzwa kwa mafungu, na abiria wananunua kama njugu. Mimi aibu ile bado haijanitoka yote.

"Basi nimepata," nikamwambia Bibi. "Shujaa wangu anakula ming'oko."

Akatikisa kichwa. "Ming'oko ni chakula cha mtu mwenye amani. Viazi vyake vidogo, kuchimba kwake kazi. Watu wengi wanaokimbia watashibaje? Wakati ule walikula ndiga."

NDIGA

Neno hilo alilisema polepole. Nilikuwa nimelisikia utotoni, lakini kama watu wazima wanavyotaja ugonjwa.

Ndiga nayo ni kiazi cha mwitu, ndugu wa ming'oko, tena kikubwa. Shimo moja laweza kulisha nyumba. Tatizo ni kwamba ndiga ni sumu. Ukiila hivi hivi inalevya, inatapisha, inaua. Jani lake limegawanyika mara tatu na shina lake lina miiba, na kiangazi, majani yakishaanguka, miiba ile ndiyo inayokuonya. Ili iliwe, humenywa, hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa katika maji yanayotembea kwa siku kadhaa, kisha huanikwa, hutwangwa, ndipo unapata unga. Sikuandikii haya ili ujaribu, msomaji. Nakuandikia ujue kwamba ilikuwa ni taaluma, yenye vipimo na yenye wataalamu wake, na wataalamu wenyewe walikuwa akina mama. Pale Bibi aliposema, "unaonja kwa ncha ya ulimi, ukiona ulimi unawasha unarudisha mtoni," nilielewa kwamba nasikiliza mtihani ambao ukifeli huna marudio.

Nikamuuliza kama yeye amewahi kuila. Akasema ndiyo, katika miaka ya sabini. Kusini tulihamishwa kwenda vijijini mapema kuliko mikoa mingi, na mwaka 1974 mvua zikakataa. Watu wengine wanakumbuka ule unga wa njano ulioletwa kutoka nje, uliopewa jina la "yanga". Bibi anakumbuka kwamba kabla haujafika, wanawake wakubwa walirudi kwenye mahame yao, wakaenda kwenye vijito walivyovijua wakaloweka ndiga. Waliosahau njia waliongozwa na waliokumbuka.

Kisha akaniambia alichosimuliwa na bibi yake, ambaye wakati wa Maji Maji alikuwa binti wa miaka kama kumi na mmoja. Kisa hicho sikukikuta katika kitabu chochote, nami nakiandika kama nilivyokipokea.

Walikuwa wamejificha kwenye mawe, karibu na kijito. Matumbi ni nchi ya mapango. Lile la Nang'oma husimuliwa mpaka leo kwamba lilificha watu wengi wakati wa vita. Wao hawakuwa pangoni, walikuwa kwenye mianya ya mawe tu, mama na watoto wawili, binti na mdogo wake wa kiume. Mama alikuwa ameloweka ndiga ndani ya tenga, akalizamisha kwa mawe. Siku ya pili zikaja habari kwamba askari wako karibu. Lazima wahame usiku ule. Watoto hawakuwa wamekula, na ndiga haikuwa imefika siku zake. Mama akalitoa tenga. Akaonja, ulimi ukawasha kidogo. Akasema ni kidogo tu. Akachemsha muda mrefu kadiri alivyothubutu kuacha moto uwake.

Yule mdogo alipewa fungu kubwa kwa sababu ndiye aliyekuwa analia.

Alianza kutapika njiani. Kabla ya alfajiri alikuwa amekwisha. Mama na binti nao waliugua, wakapona. Bibi anasema tangu siku ile yule mama hakutaja tena neno ndiga, alikuwa akisema "kile". Lakini aliendelea kuichimba, na aliendelea kumfundisha binti yake jinsi ya kuiloweka, siku zote zinazotakiwa, bila kupunguza hata moja. Hangeweza kuacha, maana hakukuwa na kingine.

Msomaji, nilikaa kimya muda mrefu. Niliwaza zile hesabu zetu, 75,000, 300,000. Mtoto yule amehesabiwa wapi? Hakupigwa risasi. Hakufa kwa njaa hasa, maana alikufa ameshiba, labda mara ya kwanza kwa wiki nyingi. Aliuawa na siku mbili alizonyimwa mama yake kando ya kijito. Nadhani Wangenheim na wenzake hawakuhitaji kujua ndiga ni nini. Waliwaondolea watu muda, mengine yakajitendea yenyewe.

BAADA YA MOTO

Vita vilipokwisha mwaka 1907 msitu haukuishia pale ulipokuwa. Mashamba yaliyoachwa yalirudi kuwa pori, nguruwe na tembo wakaingia walikokuwa wanaishi watu. Sehemu kubwa ya nchi ya nyuma yetu, kuelekea Liwale, ikaja kuwa ndani ya pori la akiba la Selous, na katika miaka ya 1940 Mwingereza akawahamisha watu wa huko kwa sababu ya malale. Mwaka 2019 sehemu ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Watalii wanaosifu pori lisilo na mtu ni vizuri wakajua kwamba mahali pengine mle ni mahame ya watu.

Lakini yapo pia mambo ya kutia moyo, nisije nikaonekana mwandishi wa misiba tu. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, hapo hapo Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu vinayoisimamia vyenyewe, na mpingo wake ukauzwa kwa heshima. Mti ule ndio unaotengenezewa zumari za Ulaya. Ni mara ya kwanza kwa misitu ya asili ya wanakijiji barani Afrika kupata cheti kile. Kwa maneno mengine, duka lile limefunguliwa tena na wenyewe wana sauti.

SURA YA SABA

Nilirudi Mbagala na mfuko wa ming'oko. Jumamosi nikaichemsha, nikaipeleka chini ya mwembe, tukala wote, na kwa mara ya kwanza nikasema kwa sauti kwamba hiki ndicho chakula cha kwetu. Kisha nikawasomea sura ya saba upya.

Shujaa wangu sasa haonekani sana ndani yake. Yuko kwenye kona, na bunduki yake ya gobore, anangoja apewe chakula. Anayeongoza sura ni mama yake, amepiga magoti kijitoni, anahesabu siku. Nilipomaliza, dada wa maandazi hakucheka. Alisema tu, "Sasa naiona njaa." Halafu akaniuliza lile tenga lilisukwa kwa nini, ukindu au mianzi, na hapo tena nikakosa jibu. Kwa hiyo nina safari nyingine.

Ndugu zangu mnaoandika, ushauri wangu ni mmoja. Kabla hujamtuma shujaa wako vitani, nenda kamuulize bibi yako, walikula nini mwaka ule mvua zilipokataa. Muulize lilikuwa linachimbwaje, linalowekwa siku ngapi, na nani aliyekosea. Bibi yangu ana watoto sita na wajukuu ambao sijawahesabu. Anayejua kijito cha ndiga kiliko ni yeye peke yake, na macho yake, kama nilivyokwambia, hayaoni vizuri. Mwezi wa nane ujao nitakuwa kule. Mashimo yote niliyafukia.